Kanzu ya Mzee na Lita 360

Leo ni siku ya tisa sipiti ngazi za mbele. Napita za nyuma, zinazotokea kwenye tangi la maji, nimejitanda mtandio mpaka puani, na nikisikia mlango wa ghorofa ya kwanza unalia bawaba najibanza nyuma ya tangi hadi ndara za mzee zipite. Juzi alinikuta hapo hapo. "Shikamoo, mzee," nikasema, kichwa kikichungulia. "Marahaba, binti yangu," akaitikia kwa upole wake ule ule, akatazama juu kwenye roshani yangu, kisha akafungua mwavuli na kwenda zake. Hakukuwa na wingu hata moja.

Mwavuli ule ndio ulioniuma. Mengine nimeyameza: elfu nane ya dobi, mjumbe kunihoji mbele ya mwanangu wa darasa la tano, na jirani wa mkono wa kulia ambaye tangu siku ile kila akiniona ananiuliza "za shambani?" huku akikonyeza. Lakini mzee wa watu, mwenye magoti mabovu, kubeba mwavuli jua kali kwa sababu yangu!

Nilikuwa nasuuza nyanya. Si nyanya za kachumbari. Hizo hata mimi najua kuzisuuza. Nilikuwa nasuuza miche ya nyanya, ikiwa hai, ikiwa ndani ya ndoo zake, yaani unamwaga maji juu ya udongo mpaka yatokee chini, na yakitokea unaendelea kumwaga kama mtu aliyetumwa. Nina ndoo sita za rangi, za lita 20, nimezitoboa kitako na kuzijaza udongo, samadi na vumbi la makumbi ya nazi. Mbegu ni Tanya, ileile inayolimwa kila mahali nchini na watu wasiojua kusoma lebo wala kuingia intaneti, nao wanavuna matenga.

Mimi wiki ya tano majani yalianza kuwa manjano. Tena si yale ya chini yaliyochoka. Ni yale ya juu, machanga, yaliyozaliwa juzi: manjano ya ndimu iliyoiva, huku mishipa imebaki kijani kibichi, kama ramani ya mito iliyochorwa na mwanafunzi mwenye bidii. Nilikata moja nikaenda nalo duka la pembejeo. Muuzaji alilitazama kwa muda ambao mtu hutumia kutazama tiketi ya daladala. "Njaa hiyo, mama. Ongeza mbolea." Nikaongeza NPK. Baada ya wiki nikarudi. "Haijashiba. Weka CAN." Nikaweka. Nikarudi tena, akanipa chupa ya busta, ina picha ya nyanya kubwa kama kichwa cha mtoto. Nikapulizia busta. Miche ikawa manjano zaidi, na ncha za majani zikaanza kuungua, kahawia, zikakakamaa kama zimepitishwa juu ya moto wa jiko.

Hapo ndipo nilipompigia mdogo wangu wa Toronto.

Inabidi nimweleze vizuri huyu bwana kwa sababu yeye ndiye chanzo cha mwavuli. Ndiye yule aliyeachiwa kuku kumi na wawili wa mama kwa wiki moja akarudisha wanne. Leo ni mkulima. Canada iliruhusu bangi tarehe 17 Oktoba 2018, na huko Ontario mtu mzima anaruhusiwa kupanda nyumbani kwake, miche minne kwa kaya. Ni minne, haizidi, naye huihesabu kila asubuhi kama mchungaji. Ana taa, ana feni, ana daftari. Miche hiyo minne imepata malezi ambayo sisi watoto saba hatukuyapata.

Na nakiri: watu wanaojua mambo ya mmea ndani ya ndoo kuliko wote duniani ni wakulima wa bangi. Mkulima wa nyanya mwenye heka mbili, mche ukimfia, anang'oa, anatupa, anaendelea. Mwenye miche minne kwa idhini ya serikali atakesha na kila jani. Anajua maji yana nini, udongo una nini, na mizizi imeota ndoto gani. Kwa hiyo nilimtumia picha, akanijibu kwa ujumbe wa sauti wa dakika sita. Ule ujumbe mtausikia baadaye. Mtaa mzima umeusikia.

Alichosema kwa ufupi ni kwamba miche yangu haina njaa. "Dada, hiyo ni lokauti. Chakula kipo mezani, mmea umefungiwa nje."

Nililala na neno hilo. Maana nilikuwa naamini, kama wengi, kwamba mzizi unakula mbolea kama sisi tunavyokula ugali: ikiwepo, unakula. Kumbe mzizi hauli, unakunywa. Kila kitu lazima kiyeyuke kwenye maji kwanza ndipo upite, na kuyeyuka huko kunategemea maji yenyewe yana uchachu kiasi gani, ndiyo ile pH. Kipimo hicho kilibuniwa mwaka 1909 na Mdenmarki Søren Sørensen, aliyekuwa kwenye maabara ya kiwanda cha bia cha Carlsberg, Copenhagen, kwa hiyo tukitaka kuwa wa kweli, nyanya zetu zina deni kwa walevi. Kinaanza 0, uchachu wa kutisha, hadi 14, upande wa magadi na sabuni. 7 ni katikati, haupo huku wala kule. Sasa utamu wake: kila hatua moja ni mara kumi. Kutoka 6 kwenda 7 unaona ni namba jirani, kama nyumba na nyumba, kumbe uchachu umepungua mara kumi. Kwenda 8 umepungua mara mia. Nyanya kwenye ndoo hupenda 6 na pointi kidogo.

Chukua madini ya chuma. Jani halitengenezi rangi yake ya kijani bila chuma. Na chuma kimejaa; ule wekundu wa udongo unaoutia doa mguu wa suruali ni chuma. Lakini chuma kikiwa kwenye udongo kinapenda kuwa kutu, na kutu haiyeyuki. Kwa kila hatua ya pH unayopanda, chuma kilichoyeyuka kwenye maji kinapungua takriban mara elfu. Elfu! Nilisoma hiyo nikaenda kuzitazama ndoo zangu usiku kwa tochi ya simu. Miche imezamisha mizizi kwenye udongo mwekundu kama tofali, na inakufa kwa kukosa chuma. Ni sawa na mgeni aliyekaa kwenye harusi, pilau ipo, ananusa mdalasini, ila sufuria limetiwa kufuli na mwenye ufunguo kaenda kumsindikiza bwana harusi.

Na mbona yanapauka machanga, si yaliyozeeka? Hili nalo lilininyima usingizi. Naitrojeni ikipungua, mmea unaivua kwenye majani ya chini na kuipandisha juu, kama bibi anavyomega tonge lake ampe mjukuu. Kwa hiyo ya chini ndiyo yanayopauka kwanza. Chuma hakihamishiki hivyo. Jani kuukuu likishakishika limekishika, kama mzee wa ukoo na hati ya kiwanja, na vijana wanaozaliwa juu wanazaliwa bila kitu. Ukijua hivyo unaweza kuusoma mmea kwa kuangalia tu unjano umeanzia wapi. Nimekuwa nafanya hivyo kwa miche ya watu barabarani. Nimekuwa mtu wa namna hiyo.

Juu ya hayo, nilikuwa nimemwaga mbolea. Mbolea ni chumvi. Ikizidi, ule udongo unayavuta maji badala ya kuyaachia, mmea unakaa kwenye matope huku una kiu, ncha zinaungua. Na virutubisho vyenyewe vinagombania mlango: potasiamu ikiwa nyingi inaingia kama kijana mwenye viwiko mlangoni mwa daladala saa kumi na mbili jioni, magnesiamu na kalsiamu wanabaki wamening'inia na mguu mmoja nje. Ukiona dalili unasema njaa, unaongeza mbolea, yaani unapakia vijana wengine wenye viwiko.

Dawa, alisema mdogo wangu, ni kusuuza. Maji mara tatu ya ujazo wa chombo, polepole, chumvi zote zishuke. Nikapiga hesabu: ndoo ya lita 20 mara tatu ni 60, ndoo sita ni lita 360. Sikujiuliza lita 360 zikishashuka zinaenda wapi. Toronto zinaenda kwenye sinki.

Siku ile ilikuwa Alhamisi, saa kumi jioni. Nikavuta mpira kutoka bafuni, nikapanga ndoo ukingoni mwa roshani, mahali penye kile kitundu cha kutolea maji ya mvua, nikajipongeza kwa akili hiyo. Nikaanza na ndoo ya kwanza. Maji yaliyotoka chini yalikuwa na rangi ya chai ya rangi iliyochemka mara tatu, na harufu ya zizi. Nilifurahi. Nilijua ule ndio uchafu wenyewe, chumvi zinaondoka, kufuli linafunguka.

Kutoka chini nikasikia, "Subhanallah."

Mzee ni mcha Mungu, na saa ile ni karibu baada ya Alasiri. Nikadhani yuko kwenye tasbihi. Nikahamia ndoo ya pili.

"La ilaha illallah."

Sauti ilikuwa imepanda kidogo, lakini nikasema moyoni, mashallah, wengine tunahangaika na nyanya, wenzetu wanamkumbuka Mola. Ndoo ya tatu ndiyo niliyokuwa nimeitia samadi nyingi kuliko zote. Hiyo niliisuuza kwa upendo. Katika ndoo ya nne, "Astaghfirullah" zikaja tatu mfululizo, ya mwisho ikiwa na swali ndani yake, na nikasikia ngazi zinapandwa. Magoti yale, kwa mwendo ule, sikuwa nimewahi kuyasikia.

Alisimama mlangoni ameshika kanzu yake kwa mabega, kama mtu anayeonyesha bango. Ilikuwa kanzu ya Maskati, mwanawe kamletea mwezi uliopita, nyeupe ya kuumiza macho, ile yenye kishada shingoni. Alikuwa ameianika kamba ya chini kwa ajili ya Ijumaa. Sasa ilikuwa na michirizi mitatu kutoka shingoni hadi pindoni, kahawia, na kwenye kile kishada kulikuwa na kipande cha samadi kimekaa kama kipepeo. Hakunitukana. Laiti angenitukana. Alisema tu, "Binti yangu, huko juu kuna nini?"

Nyuma yake alikuwa mjumbe, mama mwenye daftari, aliyekuwa anapita kukusanya hela ya taka na akaona kanzu.

Sasa jitazame wewe ni mjumbe, umeingia kwenye roshani ile. Miche sita ya manjano. Mpira unaendelea kutiririka. Kiti cha plastiki, na juu yake kimepangwa: kalamu ya njano yenye kioo cha namba, bomba la sindano lisilo na sindano lenye maji ya ndimu, vikopo vinne vyenye maji ya rangi tofauti vimeandikwa A hadi D, na daftari. Pembeni, ndani ya kopo la mafuta ya kupikia, mche wenye shina jekundu na majani yaliyochanuka kama vidole.

"Na huu?" akauliza.

"Choya, mama mjumbe. Wa sharubati."

Akaushika jani, akalinusa, akaniangalia. Na hapa, kwa kweli, simlaumu sana. Choya ana ndugu yake, ule mmea wa nyuzi, ambaye wanasayansi wamempa jina Hibiscus cannabinus, yaani haibiskasi anayefanana na bangi. Wataalamu wazima, wenye miwani, waliona jani la ukoo huo wakakumbuka bangi. Sembuse mjumbe. Nilimweleza hivyo. Ndiyo, nilisimama pale, maji yananifika vifundoni, nikamwambia mjumbe kwamba hata kwa Kilatini linafanana.

Akafunga daftari. "Haya mambo ya sindano na vipimo, nani kakufundisha?"

"Mdogo wangu, yuko Canada. Ni mtaalamu wa mimea."

"Tumsikie."

Nilikuwa na hakika. Nilikumbuka dakika zile sita zilivyojaa elimu: chuma, chumvi, pH. Nikaongeza sauti mpaka mwisho kwa sababu mzee hasikii vizuri, nikabonyeza. Nilichosahau ni dakika ya kwanza, kabla ya elimu.

"Dada yangu!" likanguruma baraza zima. "Usilie bwana! Bangi yangu ya mwaka jana ilikuwa hivyo hivyo, manjano, mpaka nikasema hii imekufa. Nikaisuuza! We isuuze tu, usiogope mtu. Wiki mbili ilivyorudi, wacha, ilinuka mpaka kwenye lifti, majirani wenyewe wakaja kuniuliza!" Halafu kile kicheko chake.

Nilikuwa nabonyeza simu kwa kidole chenye maji, na simu ikikataa kidole chenye maji haina huruma. Iliendelea hadi kwenye uzito wa mavuno. Mzee alikuwa ameinamisha kichwa, kanzu bado mkononi, midomo inacheza. Sasa ilikuwa tasbihi kweli. Mwanangu alikuwa amesimama mlango wa jikoni na sahani. "Mama," akasema, "si ulisema anko anapanda maua?"

Yaliyofuata yalichukua nusu saa na watu kumi na mmoja. Dereva wa bodaboda aliyeitwa kama shahidi huru alithibitisha kwamba nyanya ni nyanya. Choya alibishaniwa. Fundi bomba alisema ni bamia. Mwishowe mjumbe alitangaza kwamba nyanya zibaki, mimi nilipie kanzu, na ule mche ataondoka nao "kwa uchunguzi". Akaubeba kifuani na kopo lake, kama mtoto aliyeokolewa.

Na nyanya? Zilizidi kuugua. Baada ya siku tatu majani machanga yalitoka karibu meupe.

Hapo ndipo nilipokasirika, na hasira yenyewe bado inatafuta pa kutua. Maana mdogo wangu anasuuza kwa maji ya bomba yanayotoka Ziwa Ontario. Mimi nimesuuza kwa maji ya kisima cha nyumba, na nyumba iko Msasani. Mwamba wa huku ni chokaa ya matumbawe. Maji yakipita humo yanaibeba ile chokaa, yanafika kwenye ndoo yakiwa na pH ya juu, na ubaya wake hauishii kwenye namba: ile chokaa inang'ang'ania. Unakamua ndimu, pH inashuka, unashangilia, kesho yake imepanda tena. Halafu kila nyumba ina kisima chake na pampu yake, na kadiri tunavyovuta maji baridi ya juu ndivyo bahari inavyosogea kwa chini kujaza nafasi. Nilikuwa nimeosha chumvi kwa chumvi. Lita 360.

Ningeliweza kujua. Kalamu ya njano nilinunua Kariakoo mahsusi kwa hilo. Ilikuja na vipakiti viwili vya unga, nikadhani ni vile vya kuzuia unyevu kama vya kwenye boksi la viatu, nikavitupa. Kumbe ni vya kuifundishia: kimoja unakikoroga kwenye maji safi kinakuwa 4.01 kamili, kingine 6.86, unaitumbukiza humo uiambie ukweli ni upi, ndipo uiulize mengine. Yangu haikufundishwa. Ilisema maji ya kisima ni 6.4, namba nzuri ajabu. Nikaitumbukiza kwenye ndimu ikasema 6.1, nikajua mmoja kati yetu ni mwongo. Mita ya kwanza ya umeme ya namna hii, Arnold Beckman aliiunda California mwaka 1934 kwa ajili ya rafiki yake aliyekuwa akipima maji ya malimau. Ya kwangu imesahau hata asili yake.

Ukweli nilioupata ulitoka kwenye sufuria. Nilichemsha choya kavu la dukani, nikagawa kwenye vikombe. Ndimu: nyekundu ya kung'aa, ya kunyweka. Magadi: kijani cha bahari, cha kuogofya. Maji ya kisima: zambarau iliyochoka, inayoelekea kwenye bluu, rangi ya jicho siku ya tatu baada ya ugomvi. Nikakitazama kile kikombe nikakumbuka kila kitu. Birika langu lina ukoko mweupe ndani unaong'oka vipande. Sabuni haitoi povu mpaka uikasirikie. Maharage ya nyumba hii yanachemka mchana kutwa na bado yanagonga sahani, na mama mkwe alipokuja siku ya kwanza tu alisema, "Haya maji yenu." Miaka minne birika linanieleza nami nalikwangua.

Kidato cha pili nilipata alama nzuri sana ya kemia. Najua mpaka leo kwamba litmasi ya bluu ikiingia kwenye asidi inakuwa nyekundu. Niliandika hivyo kwenye mtihani, wenzangu themanini wakaandika hivyo, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuishika karatasi hiyo. Ilikuwa ndani ya kabati la kioo, kabati lina kufuli. Hatukuambiwa tulete maji ya nyumbani. Wazo kwamba elimu ile ingeweza kugusa ndoo ya mama yetu halikuwa kwenye mtaala, na sidhani kama lilisahaulika kwa bahati mbaya, maana mtoto angepima, angerudi na namba, na namba ile ingehitaji mtu wa kuijibu.

Kwa sababu bomba lipo. Mto Ruvu unaletwa mpaka jijini kila siku, na bomba lake linapita mbele ya nyumba yetu. Tuna mita, na ankara inafika kwenye simu kila mwezi bila kukosa, ankara haina mgao. Maji yanakuja Jumanne saa nane usiku, kwa kunong'ona, nusu ndoo, halafu hewa. Mita inazunguka na kwa hewa. Kwa hiyo tunanunua boza, nyumba sita tunachanga, maji ya kunywa na ya watoto. Kisima ni kwa mengine yote. Ukijumlisha ankara ya hewa, boza, umeme wa pampu na birika jipya kila mwaka, unaona kwamba sisi tunaosemekana hatuna maji ndio tunaolipia maji mara nne. Sikuyajua haya kwa kusoma gazeti. Nimeyajua kwa sababu ya jani.

Basi. Nimejaribu siki, roshani ikanuka kachumbari wiki nzima na sisimizi wakahamia. Nimejaribu ndimu kila ndoo, mpaka muuza ndimu akaniuliza nina mgahawa gani. Nyanya tatu zilizotunga zimeoza kitako, duara jeusi, kalsiamu hiyo, nayo imekwama mlangoni na mguu mmoja nje. Mdogo wangu ametuma ujumbe mwingine wa dakika tisa. Sijaufungua, nasubiri siku ambayo nyumba nzima itakuwa kazini.

Kanzu imetakata, dobi kasema, ila ukiielekeza kwenye jua.

Jana ilinibidi nipite kwa mjumbe kupeleka hela ya taka. Nyumba yake iko mtaa wa chini, karibu na bomba kubwa, maji kwake hayakatiki. Mlangoni, kando ya ngazi, nimeuona ule mche wangu wa choya. Ameutoa kwenye kopo akaupanda chini, amewekea na vijiti. Umetoa majani mapya sita, kijani kizito, hakuna hata ukingo wenye manjano. Nikauliza kwa adabu kama uchunguzi umekamilika. Akasema bado unaendelea, akauelekezea mpira.